Wivu wa Mama wa Maombi

Ukiwa na shida hapa Kitengela, upande wa Noonkopir, ulikuwa unaambiwa jambo moja tu: nenda kwa Wamaitha. Mtoto amekataa shule? Wamaitha. Bwana amehamia kwa mwanamke mwingine Athi River? Wamaitha, na haraka. Yeye ni fundi wa nguo, anashona sare za shule kwenye kibanda cha mabati karibu na kanisa, na kwa miaka ishirini na mbili mtu akiingia analia, Wamaitha alikuwa anatema pini mdomoni, anamshika kichwa na kumwombea papo hapo.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, maikrofoni ilikuwa yake. Na alikuwa anaomba, jamani! Spika mbili za kanisa ziliangalia barabarani, kwa hivyo hata wauza miwa walipata baraka wasiyoiomba. Tena aliomba kwa majina. Mungu, alisema, hapendi maombi ya jumla jumla. Mtaje mtu, taja ugonjwa, taja na plot anayoishi.

Halafu akaja huyu Nasieku.

Nasieku ni mjane, anauza maziwa kutoka upande wa Isinya. Mwanamke mdogo wa mwili, mpole, sauti yake mpaka umsogelee ndiyo uisikie. Siku moja Mchungaji Saruni alimwambia aombee mgonjwa. Alienda kwa kona, akamshika yule mgonjwa mkono, akaomba kwa Kimaasai kama dakika moja, akarudi kuketi. Basi. Wamaitha alicheka kimoyomoyo. Hayo nayo ni maombi?

Lakini watu ni watu. Jumapili iliyofuata aliona mtu mmoja anamfuata Nasieku nyuma ya kanisa, pale anapoweka mitungi yake ya maziwa. Iliyofuata, watatu. Na mmoja wao alikuwa Mama Kuntai, ambaye Wamaitha alimwombea mpaka akapata kazi kwenye shamba la maua! Wamaitha alisimama mlangoni na Biblia kwapani, akitabasamu na meno yote, na ndani anaungua.

"Anaomba nini pale kwa kona?" alimwuliza mumewe, Githongo. "Hata hasikiki!"

"Na ni nani alikuambia anaongea na wewe?" Githongo akasema, akaendelea na uji wake.

Wamaitha hakumwongelesha siku nzima. Alifunga siku tatu bila kula, na kila mteja aliyemletea chai alielezwa vizuri kwa nini hanywi. Hakuna kilichobadilika. Watu waliendelea kwenda kwa mitungi.

Sasa, hayo yote angeyavumilia. Yaliyomshinda ni ya Kajiado.

Binti yake Wanjira anafanya kazi kwenye duka la dawa Kajiado mjini. Ameolewa na Mugo miaka sita, na mimba mbili zilikuwa zimetoka. Apate mtoto, hilo lilikuwa ombi la kwanza la Wamaitha kila asubuhi, kabla hata hajavaa viatu. Jumamosi moja akambebea unga na ndizi, akaenda bila kupiga simu, kwani mtu hupigia mtoto wake simu? Akafika, akaona mlangoni kuna sandali za tairi. Akasukuma mlango.

Wanjira alikuwa kwenye kiti, macho amefumba. Tumbo lilikuwa limetokeza wazi. Na mbele yake, magoti chini, mkono juu ya tumbo hilo, alikuwa Nasieku.

"Takwenya, Mama Wanjira," Nasieku akasalimu, akainuka.

Wamaitha hakuitikia. Nasieku akavaa sandali zake na kutoka polepole.

"Ni miezi mitano," Wanjira akasema. "Nilisikia habari za Nasieku, nikamwita."

"Mitano! Muuza maziwa anajua, na mimi niliyekuzaa sijui?"

"Mama, keti."

"Siketi! Mimi ndiye nimelia kwa ajili ya hilo tumbo. Miaka yote! Yeye amelia lini?"

Wanjira alijibu kwa sauti ya chini. Si msichana wa kelele.

"Ile mimba ya kwanza ilipotoka nilikuwa naishi Kitengela, unakumbuka? Nilikuambia wewe peke yako. Mugo alikuwa kazini Rombo, nikasema nitangoja arudi nimwambie uso kwa uso. Jumatano ukaomba. Rafiki yake akasikia kwa barabara, akampigia simu kumpa pole. Mume wangu alijua kutoka kwa spika, Mama."

"Nilikuwa naomba!"

"Ya pili nikakushika mikono, nikakusihi usiseme. Ukasema, 'Bwana, kuna binti mmoja hapa Kitengela, jina lake silitaji, mama yake ni fundi wa nguo.'"

Wamaitha akaweka unga na ndizi mezani.

"Wewe ulikuwa unaomba," Wanjira akasema. "Mimi kesho yake nilikuwa napewa pole na mtu wa mayai."

Wamaitha alitoka bila kuaga. Alitembea hadi barabarani akiwa na maneno mengi tayari, na yote ni ya Nasieku. Akamkuta amesimama kando ya lami, anangoja gari la kurudi. Wamaitha akautazama ule mkono wake mwembamba. Mkono huo ulikuwa umemgusa mjukuu wake kabla yake. Yale maneno makali akayaacha.

"Niombee," akasema.

Hata yeye alishtuka. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu hivyo maisha yake yote.

"Nikuombee nini, Mama Wanjira?"

"Wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wako. Niko na wivu na wewe mpaka nikikuona unaomba, natamani Mungu asikusikie."

Nasieku hakushtuka wala hakucheka. Alimshika mkono, akainamisha kichwa, akaanza. Kimaasai tupu. Wamaitha alifungua jicho moja na kutega sikio, lakini hakuambulia kitu ila "Enkai," yaani Mungu. Hata hapo, Mungu amsamehe, alitamani kujua anasemwa vipi.

Kisha akangoja siri yake itoke, maana anajua habari inavyotembea Kitengela. Jumapili aliwachunguza watu macho mlangoni. Jumatano akapewa maikrofoni, akaomba mvua tu, bila jina la mtu, na watu wakadhani ni mgonjwa. Wiki ya pili Mama Simel alileta sare ya mtoto ipunguzwe, na Wamaitha akashindwa kuvumilia.

"Wewe huenda kwa Nasieku, si ndiyo? Amesema nini juu yangu?"

"Juu yako?" Mama Simel akashangaa. "Nasieku hasemi juu ya mtu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Hakuna aliyejua. Wiki mbili nzima, na siri yake mbaya kuliko zote ilikuwa imekaa kwa yule mwanamke, kimya. Wamaitha aliinamia cherehani, machozi yakilowesha kola ya mtoto wa watu, na akamwonea Nasieku wivu kuliko siku zote.