Mke Wangu na Jiwe la Mbuzi

Mke wangu alikuwa dobi. Alikufa mwaka jana. Mtaani walimwita Mama Povu, maana alifua nguo za watu, kisha akaosha na visivyooshwa: kamba, ufagio, mimi.

Alikuwa na mbuzi mmoja nyuma ya chumba cha kupigia pasi. Uzao wa kwanza ulikufa wote, miguu ya nyuma ikilegea. Uzao wa pili wakaja mapacha. Siku ya tano, miguu ikaanza kutetemeka vilevile.

Bwana mifugo akaja, akawapapasa.

“Mama yao amepungukiwa madini, Mama. Mpe jiwe la chumvi la kulamba. Akipata yeye, watoto watapata kwenye maziwa.”

“Si tuwape wao wenyewe?” nikauliza.

“Mzee, hawa hawajui kulamba. Wanajua kunyonya.”

“Mzoee tu, mwanangu,” akasema mke wangu. “Huyu kila kitu hukijua mwishoni.”

Nikaleta jiwe, kubwa kama tofali. Nikaenda chooni. Kurudi, jiwe limo kwenye beseni, povu mpaka juu.

“We mwanamke! Umefanya nini?”

“Limetoka dukani. Unajua nani kalishika?”

Lilikuwa limebaki kama kipande cha sabuni. Mbuzi akalinusa, akapiga chafya, akatugeuzia makalio.

Mke wangu akachukua maji alisuuze.

“Acha! Utaliyeyusha lote!”

Akatazama wale wadogo wamelala chali. Akapiga magoti, akalilamba jiwe mbele ya mbuzi.

“Mmh, tamu,” akasema. Machozi yanamtoka, sijui ni sabuni.

Mbuzi akamtazama tu. Mimi nikacheka.

“Unacheka nini? Lamba na wewe!”

Nikalamba. Chungu, chumvi, na harufu ya mashuka. Tukapokezana, mtu na mkewe, uzee huu. Mbuzi akaona wajinga wawili wanammalizia chakula. Akanipiga pembe mbavuni, akalishika jiwe, akalilamba mpaka jioni.

Kesho yake nilinunua lingine. Nikalificha mbali na beseni. Wale wadogo tukawa tunawainua kwa mikono wapate kunyonya.

Siku ya kumi na mbili mmoja wao akasimama mwenyewe. Akaanguka. Akasimama tena, akakidunda kiwele kwa kichwa mpaka mama yake akayumba. Pacha wake akamfuata.

Mke wangu akanishika mkono. Wake ulikuwa umelowa, kama kawaida.

“Wananyonya wenyewe,” akasema.

Tukakaa pale pale chini, kwenye uchafu, tukiwatazama.