Breki za Enoki Zilizoombewa

Gari la Enoki liliombewa kabla halijakaguliwa. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani nitamtetea kwa kuwa ni mtoto wa kaka yangu. Alilinunua Makambako, kwenye yadi moja kando ya barabara kuu, gari dogo la rangi ya fedha ambalo wenyewe wa ng'ambo walikwisha kulichoka. Jumapili iliyofuata akaliegesha mbele ya kanisa letu la Kilutheri hapa Njombe. Mchungaji akaweka mkono juu ya boneti, akaomba. Kwaya ikaimba. Akina mama wakapapasa viti, vijana wakapiga picha wameegemea mlango kana kwamba wao ndio wanunuzi. Watu zaidi ya mia, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chini.

Zamani tuliinama. Baba yake Enoki, kaka yangu Lenard, alikuwa akisomba mbao kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kabla ya mteremko wowote alisimama, akafunga gogo nyuma ya mkokoteni ili liburuze udongo na kuuzuia mzigo usiwaangukie ng'ombe. Alifanya hivyo hata mteremko ukiwa mfupi kama uwanja wa shule. Watu walimcheka. Hakuvunja mguu wa ng'ombe hata mmoja maisha yake yote. Mwanawe amepanda parachichi, parachichi zimemkubali, ana nyumba ya vigae na makochi yaliyofunikwa vitambaa ambayo hayakaliwi mpaka aje mgeni. Akili ya kufunga gogo hakuirithi.

Hofu yake ya breki aliificha siku nne. Siku ya tano akaja kwangu, tena kwa kuzunguka.

"Baba mdogo, hivi gari likikaa sana melini, breki zinaweza kulegea halafu zikakaza zenyewe?"

"Meno yangu yalilegea, Enoki. Unaona yamekaza?"

Akaangalia viatu vyake. Ndipo akasema kwamba tangu siku aliyolileta, akikanyaga breki pedali inazama kama mguu kwenye tope, mpaka akanyage mara ya pili ndipo ishike. Nikamuuliza kama hakulijaribu kabla ya kulipia. Alilijaribu, akasema, pale pale Makambako, mbele ya yadi, na lilisimama vizuri kabisa. Makambako! Kwenye tambarare ile hata gunia la mahindi likiachwa linasimama lenyewe. Kujaribu breki Makambako ni kama kujaribu blanketi Dar es Salaam.

Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kimoja. Mama mkwe wake, Telesia wa Wanging'ombe, alikuwa na uvimbe wa shingo uliofikia mahali pa kumzuia kumeza, na hospitali ya Ikonda ilimpa siku ya upasuaji, Alhamisi. Enoki, siku ile ya maombi, alisimama mbele ya washarika akatangaza kwamba kama mahindi ya kwanza yanavyotolewa madhabahuni, safari ya kwanza ya gari hili itakuwa limbuko: atampeleka mama mkwe Ikonda. Makofi yakapigwa. Sasa gari lilikuwa na ahadi, lakini halikuwa na breki, na barabara ya Makete, ya kwenda Ikonda, ina miteremko ambayo hata mbuzi huifikiria.

"Vua tairi za nyuma," nikamwambia. "Angalia kwa ndani. Ukikuta pamelowa, mafuta ya breki yanavuja."

Maarifa hayo sikuyapata darasani. Shule niliishia darasa la nne. Niliyapata chini ya malori, na katika kitabu cha ufundi kisicho na jalada nilichokisoma kamusi ikiwa mkono wa pili. Enoki alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua iliyonyesha mwaka jana, kisha akaenda kwa fundi Timoth, ambaye ana mashine. Nikamfuata.

Timoth ni kijana msafi. Sijawahi kumwona fundi msafi namna ile, na hilo lingetosha kumshtua mtu mwenye busara. Akachomeka waya chini ya usukani, akatazama kioo cha mashine yake.

"Mzee Enoki, gari zima. Hakuna kosa hata moja."

"Mashine imevua tairi?" nikauliza.

"Babu, siku hizi hatuvuivui ovyo. Gari linaongea lenyewe."

"Basi liulize breki zake ziko wapi."

Akacheka, wenzake wakacheka, na Enoki akacheka kuliko wote, kwa sababu alikuwa amepewa jibu alilolifuata. Timoth akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akakikuta kimepungua, akakijaza. Pedali ikapanda. Enoki akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Yale mafuta yaliyopungua yalikwenda wapi? Swali hilo halikumjia yeyote kati ya wasomi wale.

Jumatano jioni pedali ikazama tena. Nikamwambia ampeleke mama kwa basi, mabasi yapo.

"Nitamwambiaje, baba mdogo? Unajua mimi na mama mkwe hatuzungumzi uso kwa uso. Nikampelekee habari kwamba nimemnunulia limbuko bovu?"

"Mwambie mkeo amwambie."

"Yunis akijua, Wanging'ombe yote imejua."

Hapo ndipo nilipomdharau kweli. Sisi Wabena tulikuwa na heshima ya mkwe. Mwanamume hakumkaribia mama wa mkewe, hakumtaja jina, hakula naye. Wakikutana njiani mmoja alipisha. Ilikuwa ni kulindana. Vijana wa leo wameitupa yote: wanacheza muziki na wakwe zao kwenye sherehe, jasho linawatoka. Katika yote waliyotupa, Enoki aliokota kipande kimoja tu, kile cha kunyamaza, akakifanya turubai la kufunikia gari bovu.

Alhamisi asubuhi Yunis akaja kuniomba nikae kiti cha mbele, maana mama yake hawezi kukaa jirani na mkwe, na yeye mwenyewe atakaa nyuma kumwangalia mgonjwa. Enoki akaniapia kwamba Timoth ameshamaliza kila kitu. Sikumwamini. Nilipanda kwa sababu nilijua nisipokuwamo, hakutakuwa na mtu wa kumwambia asimame.

"Kamwene," Telesia akanisalimu kutoka nyuma, kanga imefunika kichwa, uso ameuelekeza dirishani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa sababu ya ule uvimbe. Niliitikia; Enoki alikohoa tu.

Mteremko wa kwanza ulikuwa mfupi. Mguu wa Enoki ukaenda mara mbili. Kwenye mteremko wa pili ukaenda mara nne.

"Yunis," Telesia akasema, "mwulize baba watoto wako, anaendesha au anakanyaga udongo wa matofali?"

"Baba Anneth, mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mama magari ya siku hizi ndivyo yalivyo."

"Mama, anasema..."

"Mwambie nimeshapanda magari ya siku hizi. Hayakanyagwi hivyo."

Jasho lilikuwa limelowesha ukosi wa Enoki, na baridi ya Njombe mnaijua. Nikamwambia kwa sauti ya chini asimame. Akasema tukifika tambarare. Nikamuuliza ni ramani gani iliyomwonyesha tambarare kati yetu na Ikonda. Mbele yetu barabara ilianza kuinama kwenye ule mteremko mrefu, na chini kabisa lori la mbao lilionekana dogo kama kiberiti.

"Yunis," Telesia akasema, na safari hii aligeuza uso kutoka dirishani. "Mwulize breki zinashika au hazishiki. Na mwambie simuulizi mkwe. Namuuliza dereva."

Yunis hakurudia swali. Hapakuwa na haja. Enoki akaingiza gia ndogo, akavuta breki ya mkono, gari likalia, likasogea, likasogea tena, likasimama tairi moja ikiwa kwenye nyasi.

"Hazishiki," akasema, akiuangalia usukani.

Telesia akafungua mlango, akashuka na kikapu chake, akasimama kando ya barabara bila neno. Yunis alikuwa na maneno, na aliyatoa yote, kwa Kibena, ambacho kwa kazi hiyo kinafaa kuliko Kiswahili. Baada ya kama saa moja likapita basi dogo. Lilikuwa limejaa, na miongoni mwa abiria walikuwamo washarika wawili waliopiga makofi Jumapili ile. Wakampisha mama kiti, Yunis akapanda akasimama kando yake. Wakamtazama Enoki kupitia dirishani mpaka basi likapinda kona.

Tukatoa jeki. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue, Enoki alipiga magoti mbele ya gari lake. Tairi ya nyuma ya kushoto ilipotoka, mafuta ya breki yakatiririka mpaka kwenye kiatu chake. Mpira mdogo wa kuyazuia ulikuwa umepasuka kitambo, na pedi za breki zililowa kama mkate kwenye chai. Kumbe ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi asiyeogopa kuchafuka.

Tulikuwa bado tumekaa kwenye nyasi tukimngoja fundi wa kutoka kijiji cha jirani wakati simu ya Enoki ilipolia. Yunis. Walikuwa wamefika Ikonda, mama amepokelewa, watampasua mchana ule ule.

"Amesema lolote juu yangu?" Enoki akauliza.

Sauti ya Yunis nilikuwa naisikia hata mimi.

"Amesema usije kutuchukua. Tutarudi na basi."

Enoki akatia simu mfukoni, akaanza kufuta nati za tairi kwa shati lake la kanisani, moja baada ya nyingine.