Profesa Aliyeikalia Kazi ya Magadi

Daktari alimwambia mwanangu asimame abane magoti. Hayakukutana. Akanigeukia, akauliza kama nyumbani napikia magadi. Nikasema ndiyo, nani huku anaivisha maharage bila magadi?

"Acha kuanzia leo, mama. Haya matege yanatoka kwenye chungu chako; magadi ya huku yana floridi nyingi, inapinda mifupa ya mtoto."

Nilimlisha mwenyewe, kwa mkono huu. Na kuna watu walijua kabla mtoto hajasimama dede.

Binti mmoja wa chuo alikuja kwetu Kikatiti kupima maji, magadi na makande tunayowapondea watoto. Alikaa jikoni kwangu, akala, akasifia. Aliporudi baadaye kuaga nikamuuliza ameona nini. Akaangalia chini. Akasema kazi yake imepelekwa kwa msomi mwingine aihakiki, na mpaka ipite haruhusiwi kutangaza.

"Vumilia kidogo, mama. Nikisema sasa wataniona nimekurupuka."

Nikavumilia. Nikaendelea kuponda.

Baada ya hospitali nilimtafuta, nikamkuta mjini, mtaa wa Levolosi, amepanga chumba, utafiti ameacha. Akanipa shikamoo, sikuitikia. Ndipo akanieleza. Mhakiki alikuwa profesa anayetafiti magadi hayo hayo. Alipaswa kusema mapema kwamba hapo ana maslahi yake, apewe mwingine. Hakusema. Aliikalia ile kazi, akadai vipimo virudiwe, virudiwe tena, mwisho akaikataa. Halafu ya kwake profesa ikatoka. Walipokutana mkutanoni akamwambia huku anacheka, "Ile yako niliipitia mimi, binti. Ilikuwa nzuri, ila una haraka."

Haraka. Mwanangu alikuwa anajifunza kutembea.

Binti naye nilimpa lake. Angeninong'oneza tu pale jikoni, nani angejua? Akalia. Sikumbembeleza.

Ila mwenye lawama kubwa ni profesa, pamoja na mhariri wa jarida lao aliyempelekea kazi bila kumuuliza yeye ana nini nayo. Mimi niliishia la saba, lakini hata kikao cha ukoo kwetu hakimruhusu mtu kuamua kesi ya mpaka wa shamba lake mwenyewe. Anatolewa nje, anasubiri kama wengine. Hawa wenye vyeo nani anawatoa nje?

Profesa, najua gari lako hupita hapa ukienda Moshi. Simama siku moja. Mwanangu atakuuliza mwenyewe kwa nini uliikalia ile kazi, na mimi nataka niwepo ukimjibu.