Mzee wa Mafundo na Neno Lake

Wanafunzi walimwita Mzee wa Mafundo, maana kamba ya kiatu haikumtoka mkononi. Aliziunga ncha zake, na hata vikaoni vidole vyake viliipinda na kuipindua, vikitafuta kama fundo lile lingefunguka bila kukatwa. Kiatu chake kimoja kilikuwa kikipwaya kwa ajili hiyo. Ubaoni aliandika kwa herufi ndogo, na kila hesabu ilipofika penye mlima alisema, "Hapo ni wazi," akauruka. Neno hilo lilimlipa vizuri. Limo katikati ya uthibitisho wake wa kihisabati juu ya mafundo, ule uliompa uprofesa, na hakuna aliyewahi kuligusa. Nani anunue aibu ya kuonekana mjinga mbele ya wasomi? Asubuhi moja, alipokuwa akiufundisha uthibitisho huohuo na kufika penye neno lile, binti wa dawati la mbele akanunua.

"Samahani, Profesa. Wazi vipi?"

Darasa likaguna. Mzee akageukia ubao, akaandika mstari, akaufuta kwa kiganja. Akaandika mwingine, nao akaufuta.

"Zoezi hilo," akasema bila kugeuka, "mtalifanya nyumbani."

Binti wa watu akaliandika daftarini. Wenzake walipotoka, mzee akamfuata mlangoni, chaki imemjaa hadi kwenye kola.

"Mwanangu, lile zoezi liache."

"Kwa nini, Profesa? Ni gumu sana?"

Kamba ilikuwa imemkaba kidole mpaka kimebadilika rangi.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kulifanya."