Plasta kwenye Banda la Kukamulia

Msimu mzima wa mvua ndefu, kila asubuhi mke wangu alipoingia bandani kukamua, mimi nilisimama nje nikiwa nimeweka kiganja kwenye ukuta wa kaskazini. Alidhani naota jua. Kumbe nilikuwa natafuta kujua kama ukuta umesogea tangu jana.

Banda hilo liko kwenye shamba letu, katika tambarare iliyo kati ya Kitengela na mji wa Kajiado. Lilijengwa na mzungu aliyefuga ng'ombe wa maziwa hapa kabla ya Uhuru, na baba yangu alikamua ndani yake kama kibarua kabla familia yetu haijaipata ardhi. Ni refu, la mawe ya kuchongwa, na unene wa kuta zake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mawe yameshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa huku huku. Badala ya madirisha lina matundu marefu membamba. Kwa nje yanapitisha kiganja tu, kwa ndani yanapanuka, hivyo upepo unaingia bila kuwapiga ng'ombe. Juu ya paa kubwa kuna paa dogo lililoinuliwa, na katikati ya hayo mawili joto hutoka. Sikuwahi kuyafikiria mambo haya. Kwangu lilikuwa banda tu.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi inayoshughulikia majengo ya kale, ikisema banda letu limependekezwa kuwa hifadhi.

Mimi ni Mmaasai, nimesoma hadi kidato cha nne, Kiswahili nakielewa. Lakini neno hilo kwetu lina maana moja. Hifadhi ni mahali ambapo ng'ombe wako wakiingia, wewe unakamatwa. Jamaa zangu wa upande wa Loitokitok walikuwa na mahali pa kunyweshea mifugo, na palipoitwa hifadhi wakawa wanatembea siku nzima kutafuta maji. Nikaona tayari uzio umezunguka banda letu na sisi tuko nje. Sikumuuliza mtu. Nilijiambia kwamba wanachotaka ni uzee wake, na wakikuta si la zamani watakwenda zao.

Nikaenda Kitengela kuleta mafundi wanaopiga plasta nyumba za ghorofa. Kwa siku sita walifunika kuta kwa simiti ndani na nje, wakaziba matundu yote, wakapaka rangi ya krimu. Mke wangu akaja na ndoo, akasimama mlangoni.

"Mzee, sasa hapa tunakamua ama tunafungua benki?"

Nilicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili.

Afisa alifika wiki iliyofuata, msichana wa Bisil, Mmaasai kama sisi, akiwa na picha za banda kwenye faili. Aliinamisha kichwa kama watoto wetu wanavyowasalimu wazee, nami nikakigusa kwa kiganja. Kisha akatazama banda, akatazama picha, akatazama banda tena. Aliniuliza plasta ilipigwa lini. Nikamwambia ni ya zamani, ya wakati wa baba yangu. Rangi ilikuwa bado inanuka. Aliandika nilivyosema, kwa kuwa mtu hawezi kuinamia mkono wa mzee kisha papo hapo amwite mwongo.

Mvua zikaanza. Ndani kukajaa joto na harufu ya mkojo, ng'ombe wakawa wanakohoa. Plasta ya ukuta wa kaskazini ikatoka jasho upande wa chini, halafu ukuta ukavimba katikati. Nilikoroga simiti mwenyewe nikaziba nyufa, na kila nilipoziba moja, nyingine ilijitokeza kando yake. Nilimshauri mke wangu akamulie upande wa kusini, eti kuna mwanga zaidi. Akasema tangu nizibe matundu hakuna mwanga upande wowote, na ng'ombe wamezoea nafasi zao. Akaendelea kuinama pale pale.

Hatimaye nilimwita jirani yangu, fundi mzee Mkamba ambaye watu wake walikuja huku zamani kuchonga mawe. Aligonga plasta kwa kifundo cha kidole kutoka pembe hadi pembe. Mahali pengi palilia kama debe tupu.

"Chokaa inakunywa maji na inatema," alisema. "Wewe umeifunga mdomo. Sasa maji iko ndani na haina mlango."

Nikamuuliza kama ukuta utasimama.

"Mimi ni fundi, mzee, sio nabii. Lakini mama asikamulie hapo."

Siku hiyo hiyo nilimweleza mke wangu yote, barua, hofu yangu na uongo niliomwambia msichana wa watu. Alikuwa anafunga ndama. Alimaliza fundo lake kwanza.

"Kwa hivyo msimu mzima ulikuwa unaniangalia nikiinama chini ya huo ukuta?"

Nilisema ndiyo. Akawatoa ng'ombe mmoja mmoja hadi bomani, na nilipotaka kumsaidia akanipita.

Kesho yake nilienda Kajiado. Afisa aliponiona akainamisha kichwa, nikauzuia mkono wangu, nikamwomba anisikilize kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuandika.

"Mzee, sisi tulitaka mama aendelee kukamua hapo hapo," alisema. "Banda bila ng'ombe tungelifanyia nini?"

Kitu ambacho barua ile ingenikataza, yaani kulibadilisha banda, ni kile kile nilichokimbilia kufanya.

Sasa ukuta umeegemezwa magogo, na fundi anabandua simiti kwa patasi, kipande kwa kipande. Cha kwanza kilipotoka kilitoka na uso wa jiwe, pamoja na alama za patasi za watu waliolichonga. Alinionyesha, akashika patasi tena. Tukiiacha simiti, ukuta utaanguka. Tukiitoa, mawe yanachubuka. Tunaitoa. Mimi nimepewa kazi ya kuzibua matundu, na mvua fupi ziko karibu kuliko tunavyoweza kumaliza.

Kila jioni mke wangu hupita pale kuuliza ukuta ukoje. Humuuliza fundi. Mimi, hata nikiwa nimesimama karibu yake, haniulizi.