Fundi Subiri na Mama Asiyejua Kukataa

Saa tatu asubuhi, fundi amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na kompyuta iliyomleta hapa haigusi. Anamtazama tu mwenye nayo akihangaika.

Ndivyo anavyofanya kazi mwanamke huyu wa miaka thelathini na minne, ambaye wateja wamembandika jina la Fundi Subiri. Kwa miaka tisa amekuwa akiingia nyumba za watu kutengeneza kompyuta. Siku nzuri nyumba nne, siku mbaya hakuna hata moja. Dakika kumi za mwanzo hagusi kitu. Wateja wengine huanza kununa, wakidhani wameletewa mvivu.

"Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na pupa," anasema. "Nilifuta kompyuta ya mtu nzima nzima, kumbe tatizo lilikuwa dogo tu. Picha za watoto wake zikaenda. Tangu siku hiyo natazama kwanza."

Mwenye nyumba ni mshonaji wa miaka hamsini na sita. Chumba chake cha kazi kina cherehani mbili, sanamu ya kupimia nguo isiyo na kichwa, na vitambaa vilivyopangwa kwa rangi mpaka darini. Saa tano atasailiwa kwa video, anaomba kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi. Usaili wa kwanza ulikatika kwenye swali la pili. Wamempa nafasi moja tu zaidi, na macho yake siku hizi yanagoma kutunga uzi kwenye sindano. Kazi hii anaitaka kwa udi na uvumba.

Basi fundi anatazama. Skrini inajaa matangazo: dawa za kupunguza tumbo, bahati nasibu, onyo jekundu kwamba kompyuta ina virusi thelathini na saba. Karibu kila tovuti inayofunguka inauliza kama inaweza kumtumia mama arifa, na kila mara mama anabonyeza "Ruhusu", tena kwa tabasamu.

Fundi anamuuliza kwa nini anakubali.

"Si wameomba vizuri, mwanangu? Mtu akikupigia hodi kwa adabu, utamfungia mlango?"

Fundi anacheka mpaka anashika mbavu. Anafungua orodha: tovuti arobaini na moja zimekaribishwa, na zote zimejibanza humo humo zikimwaga matangazo. Wanazifuta pamoja, mama akibonyeza mwenyewe, na fundi anamwambia kuanzia sasa kila ombi alijibu "Kataa". Wanaondoa pia kiprogramu kilichojipenyeza siku alipopakua michoro ya bure ya magauni. Fundi anaikagua kompyuta nzima; vile virusi thelathini na saba havipo, na havijawahi kuwepo.

Inabaki intaneti, inayokuja na kuondoka ipendavyo. Fundi anaulizia ilipo ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao. Mama anampeleka sebuleni kwa fahari, anafungua kabati la chuma, na humo ndani, nyuma ya masinia ya wageni, kisanduku kimefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Anaeleza kwamba kitu cha maana hakiachwi kiliwe na vumbi. Haya, mawimbi yatapenyaje chuma chote hicho?

Wanakihamishia kwenye rafu ya ukumbini, mahali peupe, bila kitambaa. Mama anakubali shingo upande. Fundi anazunguka chumba hadi chumba akiijaribu intaneti, dakika ishirini nzima, na mtandao haukatiki.

Saa tano kasoro dakika tano anatoka ili mama awe peke yake. Akiwa ukumbini anamsikia akisalimia. Anasalimia tena. Kisha sauti inaanza kutetemeka.

"Mnanisikia? Mbona hamnijibu?"

Fundi anachungulia. Wasaili watatu wanaonekana vizuri kwenye skrini, wakigusa masikio yao na kutikisa vichwa. Mtandao ni imara. Sasa ni nini tena?

Anaelewa, na anaona haya. Programu ya video ilikuwa imeomba ruhusa ya kutumia kamera na kipaza sauti, na mama, mwanafunzi mtiifu wa saa moja na nusu, alikuwa amekataa.

"Kosa lilikuwa langu, si lake," anasimulia fundi. "Nilimfundisha kukataa. Sikumfundisha kuuliza ni nani anayeomba, na anataka nini."

Kipanya hakukinyakua. Alipiga magoti kando ya meza na kumwonyesha kwa kidole alama ndogo juu ya ukurasa. "Hawa umewaalika wewe, mama. Wanaomba kukuona." Mama alivaa miwani, akasoma ombi lote huku midomo ikicheza, kisha akaruhusu. Saa tano na dakika nne uso wake ulitokea, na usaili ukaenda dakika arobaini bila kukatika. Ulipokwisha, machozi yakamtoka.

Sasa fundi anaanzisha darasa la watu wazima, Jumamosi asubuhi. Somo la kwanza ni kusoma ombi mpaka mwisho kabla ya kubonyeza chochote. Watu kumi na mmoja wamejiandikisha, na mkubwa wao ana miaka sabini na tatu.

Kilichomsumbua ni chumba; aliulizia kila mahali. Mwezi huu amekipata, pale pale kwenye chuo cha ufundi, chenye meza ndefu na soketi za umeme kila upande. Ufunguo anao mwalimu mpya wa ushonaji.