Séraphin na Chungu Kinachosema

Ukitaka kumkasirisha Séraphin, mwambie kwamba kitu fulani kina kitufe. Mimi ni jirani yake hapa Shituru, ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo nimeonywa juu ya vitufe kuliko mtu yeyote mjini Likasi. Simu anayo, ila haiamini. Akimpigia binti yake Glodie kule Kakanda na kuambiwa kwamba wote ni wazima, kesho yake anapanda gari kwenda kuhakikisha. Wakati ule wa corona, walipokuwa wakipima joto mlangoni pa kanisa, alinyoosha mikono juu na kumwambia kijana mwenye kipimo kwamba mfukoni hana kitu.

"Papa, ni ya kupima moto tu," kijana akasema.

"Minye natumika na moto tangu baba yako hayazaliwa," Séraphin akamjibu. "Moto hawaipimake na bastola."

Kazi yake ni sufuria za alumini, za kupikia bukari, ugali wetu. Ananunua pistoni za magari yaliyokufa, anaziyeyusha ndani ya pipa kuukuu lililojaa makaa, anamwaga kwenye kalibu ya mchanga, kisha anakaa kusubiri. Sufuria ikitoka anaigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza, kichwa upande. Ikilia vibaya anairudisha motoni, hata kama mnunuzi amesimama pale na haraka zake. Wanawake wa mtaa huu wanamsema sana kwa ajili hiyo, halafu wanarudi kununua kwake.

Zamani alikuwa mtu wa tanuru kwenye kiwanda kikubwa, mpaka walipomtosha. Hapa inabidi niwaeleze wasomaji wa mbali. Kwetu Likasi kutosha ni kutoa. Unatosha viatu mlangoni, daktari anakutosha jino, na mkubwa wa kazi anakutosha kazini. Hilo la mwisho ndilo Séraphin analolijua zaidi. Ukimwambia atoshe mguu wake njiani upite, uso unambadilika, na mimi nimejifunza kumzunguka.

Tangu wamtoshe amebaki na sufuria zake na desturi moja aliyojitungia mwenyewe: hakuna binti yake atakayeolewa bila kuondoka na sufuria iliyomwagwa na baba yake. Glodie aliondoka na yake. Sephora pia. Akabaki Deborah, kitinda mimba, aliyechumbiwa na Mansour, mwana wa mzee Nasoro. Hao ni Waislamu waliotoka Maniema, wanaoleta bidhaa kutoka Dar es Salaam. Maneno ya dini yalikuwa yamekwisha zungumzwa na kuliwa pamoja na mbuzi, kwa hiyo msiniulize.

Jioni moja Séraphin akamwuliza binti yake, "Deborah, nyungu yako nitengeneze ya kiasi gani?"

"Papa, hapana sumbuka," Deborah akasema. "Mansour alishanunua ya courant. Inasemaka."

"Inasemaka nini?"

"Inakuambia kama chakula imeivia."

Séraphin akaja ukutani kwangu, akashika tofali la juu bila kusalimia. "Jirani," akasema, "hata mutoto wangu ananitosha." Nilimpa karanga.

Jumapili Mansour akakileta hicho chungu cha umeme ili wazee wakione. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kina kitufe kimoja kikubwa cha kijani mbele, mahali ambapo Séraphin hangeweza kujifanya hakioni. Mansour akatia maharagwe na maji, akaeleza hili na lile, kisha akaitwa kwenda kupokea mzigo uliofika. Tukabaki Séraphin, mkewe Anne, Deborah aliyekuwa uani akifua, na mimi, kwa sababu jambo la namna hiyo siwezi kulikosa.

Matumaini yote ya Séraphin yalikuwa kwa umeme kukatika. Umeme wetu unatoka Mwadingusha, na una tabia ya kukuacha umenyoa nusu ya kidevu. Siku hiyo ulikaa kitako. Séraphin akaitazama taa ya sebuleni kwa chuki ya waziwazi.

Anne akabonyeza kitufe. Sauti ya mwanamke ikatoka, laini, Kiswahili cha pwani kabisa:

"Karibu. Chungu kinatumika."

Kwetu kutumika ni kufanya kazi, ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Séraphin akaruka kutoka kwenye kiti. "Inatumika? Inatumika wapi? Hata nyungu iko na kazi, minye hapana?"

"Acha iseme, Papa Glodie," Anne akamwambia.

"Maji yanatosha," ikasema.

"Inataka tutoshe maji," Anne akatafsiri. Akafungua kifuniko, akachota kikombe kimoja, akamwaga nje.

"Maji hayatoshi."

"Sasa inasema hapana tosha."

"Rudisha basi maji yake, Mama Glodie. Imejuta."

Anne akarudisha kikombe cha maji, akafunga.

"Maji yanatosha."

"Mama yangu!" Anne akachota tena. "Maji hayatoshi," ikasema. Akarudisha. "Maji yanatosha." Akachota. Sakafu ikalowa, Anne akalowa mpaka viwiko, na Séraphin sura yake ikaanza kung'aa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Deborah achumbiwe. "Ona sasa!" akaniambia. "Ona muntu mwenye neno mbili! Nyungu yangu, weye ulishasikia inasema leo hivi, kesho vile?"

Majirani wengine wakaingia. Akaja na Clovis, katekista wetu, ambaye anapenda sana kuamua mambo. Alisikiliza pande zote, yaani Anne na chungu, kisha akaamua kwamba tutoshe nusu kikombe na kurudisha nusu, ili kila mmoja apate haki yake. Tukafanya hivyo. Chungu kikanyamaza kabisa.

"Imekasirika," Anne akanong'ona.

Clovis akaona ni kweli. Akatuongoza kukiomba msamaha, yeye mbele, sisi nyuma, na katikati ya msamaha huo ndipo Mansour akaingia. Alitazama maji sakafuni, akatutazama sisi tumesimama mbele ya chungu vichwa vimeinama, akauliza kumetokea nini. Tulipomweleza alicheka mpaka akalazimika kukaa chini, penye maji hayo hayo.

"Hapana, ba papa," akasema akijifuta macho. "Ile ni Swahili ya Dar. Kule kutosha si kutosha. Kutosha ni kufika kiasi. Inasema maji iko kiasi, acha vile."

Wote wakacheka. Clovis alicheka zaidi ya wote, kana kwamba yeye hakuwamo. Séraphin peke yake hakucheka.

"Rudilia," akasema.

Mansour akarudia.

"Na kama muntu wa kule anakuambia, 'Weye unatosha'?"

"Anakusifu, papa. Anasema weye njo muntu wa ile kazi."

Séraphin akakaa polepole. Kumbe siku ile ya kiwandani, aliyekuja mbele ya tanuru alikuwa mkuu mgeni, ambaye Kiswahili chake alikipata kitabuni. Alimpa Séraphin mkono, akamwambia, "Séraphin, unatosha." Mwenzetu akasikia kwamba ametoshwa, akavua kofia ya kazi, akashika njia ya nyumbani, na hakurudi tena.

Sisi sote tunajua kilichofuata. Wiki ile ile tanuru lilizimwa na wenzake wote wakarudishwa nyumbani, ila wao waliambiwa kwa Kifaransa. Lakini nani angemkumbusha, na macho yale?

Jumatatu asubuhi nikasikia kelele upande wa pili wa ukuta. Séraphin alikuwa amevaa bleu yake, ovaroli ya kazi, ile ya zamani, na kofia ngumu ya kiwanda, na viatu vilivyofunua midomo.

"Unaenda wapi?" Anne alikuwa akimwuliza.

"Ku kazi. Nimekawia."

"Kazi gani? Tanuru yenyewe si balifungaka?"

"Balifunga juu ya minye sikurudia!" akasema Séraphin, akatoka.

Getini pa kiwanda siku hizi hakuna mtu wa kukufungulia. Kuna mlango wa chuma na kioo kidogo kinachotazama uso wako. Séraphin alivua kofia, akakisalimia kioo, "Bonjour, chef," akataja jina lake na idara yake. Kioo kikawaka chekundu. Akaeleza kwamba kulikuwa na kosa dogo la lugha. Kikawaka chekundu tena. Eddy, mlinzi, ndiye aliyetusimulia haya, na anaapa kwamba mzee alieleza kwa adabu zote.

"Papa," Eddy akamwuliza, "balikutosha lini?"

"Hapana! Njo ile! Balisema natosha!"

"Njo ile na minye nasema. Balikutosha."

"Hapana kutosha ya kutosha! Kutosha ya kufika kiasi!"

Eddy akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine, nao wakashauriana na kumletea kiti cha plastiki, maana hawakupata la kufanya. Séraphin akakaa juani karibu na reli, mikono juu ya magoti, akisubiri kuitwa. Wafanyakazi waliopita walimsalimia. Wengine walidhani ni mkaguzi, wakajifunga vizuri kofia zao.

Anne alipopata habari akamtuma Deborah. Alifika kwa pikipiki, akamkuta baba yake pale pale, jasho linamtiririka.

"Papa, turudie nyumba."

"Niko ku kazi."

"Nani alikuambia ukuye huku?"

"Mashini yako."

Deborah akachuchumaa mbele yake. Hapo Séraphin akasema lililokuwa moyoni, na Eddy akageuka kando asimwone. "Deborah, kazi ya nyungu imeisha. Weye mwenyewe ulisema hapana sumbuka. Kama huku hawanitaki, na kule hawanitaki, nitatumika wapi? Basi balinitosha kweli."

Deborah ni binti wa baba yake, kubembeleza hajui. Alifikiri, akavuta kitenge chake vizuri, kisha akasema kwa hasira:

"Nyungu ya Sephora, mikono yake ni fupi. Inachomaka vidole."

"Nini?"

"Minye sitaki vile. Na ya Glodie chini ni nyepesi. Bukari inaunguaka."

Séraphin akasimama, kiti kikaanguka. "Bukari ya Glodie inaunguaka juu ya Glodie anaangaliaka telefone! Chini ya ile nyungu ni mzito kushinda kichwa yako!"

"Ni nyepesi."

"Weye ulimwagaka nyungu ngapi?"

"Mikono mirefu, papa. Na mdomo mupana. Ba Mansour ni bantu mingi."

Walirudi kwa miguu njia nzima wakigombana hivyo, kofia ngumu mbele, kitenge nyuma. Walipopita kwangu walikuwa wamefika kwenye kifuniko. Séraphin hakuingia hata ndani kubadilisha nguo. Aliwasha makaa akiwa na bleu yake ya kazi, akaanza kuvunja pistoni kwa nyundo, na Deborah akakaa kwenye mivukuto kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Wakati wa kumwaga nilikuwa ukutani, nikaona. Mikono ilimtetemeka. Sijui ni jua la getini, au njaa, au ni ule ugomvi uliomwingia sana moyoni. Sufuria ilipotoka mchangani ilikuwa na mikono mirefu kama alivyoagizwa, lakini mdomo umekaa upande, na yenyewe imeinama kidogo. Aliiacha ipoe, akaigonga. Ililia vibaya. Hata mimi, nisiyejua chochote, nilisikia.

Akachukua koleo airudishe motoni. Deborah akawahi. Alivua kitenge cha begani, akaifunga sufuria ndani yake na kuikumbatia.

"Deborah, lete. Ni mbaya."

"Najua."

"Lete nimwage ingine. Kesho nitakupa ya muzuri."

"Ya muzuri unatengenezeaka bantu bote," akasema Deborah. "Hii ulitetemeka juu yangu. Njo yangu."

Séraphin akabaki amesimama na koleo tupu. Akaanza kulia pale pale mbele ya pipa lake.

Deborah akaondoka nayo siku ya harusi, juu ya vitu vyote, kila mtu akaiona imeinama. Chungu kinachosema hakikuondoka. Mansour alimwachia Anne, naye amekizoea, ingawa kila kikisema maji yanatosha anakijibu kwamba amesikia.

Nyumbani kwa Mansour wanakula watu wengi, wafanyabiashara wakubwa wa mjini, na chakula chote kinapikwa ndani ya sufuria iliyopinda kuliko zote alizowahi kumwaga Séraphin. Deborah ameitegemezea jiwe dogo chini. Wageni wakiuliza fundi ni nani, anataja jina la baba yake wazi kabisa. Jambo hilo linamwua Séraphin. Anakuja ukutani kunifokea mimi kwamba jina lake linaharibika mjini. Kila mwisho wa wiki anambebea Deborah sufuria nyingine, imenyooka, inalia vizuri, anamsihi wabadilishane, na Deborah anamfukuza. Anarudi nayo kichwani, amekasirika, anaongea peke yake njia nzima, na sijawahi kumwona ana furaha kiasi hicho.